Nilivyoonja Mboga ya Mama Mkwe

Msomaji mmoja wa Singida ameniandikia kupitia kwa mhariri kwamba tangu nianze kusimulia habari hizi hajaona mwanamume mwenye kichwa kigumu kama mimi. Sikatai. Ila namwomba asome ya leo kwanza, maana kama ya wiki iliyopita yalimkera, haya yatamfanya achane gazeti.

Kwa ambaye ndiyo kwanza ananisoma: naitwa Gaudence, mzaliwa wa Bukoba, mpishi. Nilipika miaka kumi na mmoja katika nyumba ya wageni ya serikali mjini Dodoma, mpaka kulipokuja kule kupunguza wafanyakazi na sisi wa jikoni tukawa wa kwanza kuondoka. Nikafungua mgahawa Area D, ukafa. Tukahamia chumba kimoja Miyuji, nacho kikatushinda. Mke wangu Anna akamchukua mwanetu Seth akarudi kwao Chilonzi, kijiji cha Wagogo, mwendo wa saa mbili kwa basi. Nikamfuata.

Huko nikakuta bahati, au nilidhani ni bahati. Kulikuwa na mradi wa chakula wa kijiji. Kinamama ishirini na wawili, Anna akiwemo, walikuwa wanakausha mboga za porini na kusaga karanga, wauze pale basi linaposimama na mjini, na shirika lililowasaidia lilitaka wafundishwe upishi wa biashara. Wakawa wanatafuta mwalimu. Niliajiriwa siku hiyo hiyo niliyofika.

Nilichosahau kuuliza ni nani mwenyekiti wa hao kinamama. Alikuwa Mama Dorkasi, mama mzazi wa Anna.

Sasa elewa mambo ya kule. Mwanamume na mama mkwe wake hawali mbele ya macho ya mwenzake. Hawakai chumba kimoja. Hawaongei uso kwa uso, mtu wa tatu ndiye anayebeba maneno. Hata kwetu Bukoba mkwe ana heshima yake, lakini hii ilinizidi kimo.

Tulifanyaje? Mimi nilifundisha ndani ya banda la mradi, na Mama Dorkasi alikaa nje na jiko lake, nyuma ya ukuta wa mabua ya mtama tuliouegemeza kwenye nguzo kwa ajili yake. Nikisema jambo, mama mmoja aitwaye Ruthu anatoka kulipeleka. Mama akiwa na swali, Ruthu analirudisha. Kuna siku Ruthu alitoka na kuingia mara kumi na nne kwa somo moja la supu, mwisho akasema yeye naye alipwe mshahara wa ualimu. Kinamama walicheka mpaka somo likaharibika.

Kwa hiyo kwa miezi miwili nilimfundisha mwanafunzi wangu hodari kuliko wote bila kuonja hata tone la alichopika. Mpishi gani anafundisha hivyo? Mimi.

Haya, tuje Alhamisi.

Tulikuwa tunamtegemea mzabuni mmoja wa chakula, Bwana Halfani, mtu wa Kondoa, aje Jumamosi. Tulifahamiana tangu nyumba ya wageni, alikuwa akituletea nyama na mchele. Nilikuwa nimempelekea pakiti ya mlenda, ile mboga ya kuteleza, uliokaushwa na Mama Dorkasi, akaupika kwake mjini, akaupenda. Alhamisi saa tano asubuhi nikasikia pikapu.

"Najua nilisema Jumamosi," akasema akishuka. "Mkutano umesogezwa. Wajumbe mia tatu wanaingia ukumbini Chimwaga Jumatatu, na wamechoka wali na kuku. Wanataka chakula cha hapa. Leo ndiyo leo, Mpishi."

"Unataka nini hasa, Bwana Halfani?"

"Wale wapishi wanne niliokuagiza, wiki mbili, mlenda na ugali wa uwele. Mkutano ukiisha salama, nachukua magunia mawili ya mboga kavu kila mwezi. Lakini nataka uleule wa pakiti ile, na nataka aliyeukausha aupike mbele yangu."

Kinamama wakatazamana. Mvua ya mwaka ule ilikuwa imetutupa. Nyumba nyingi hazikuwa na uwele ghalani, zilibakiwa na hizo mboga tu, na pakiti zilikuwa zimerundikana bandani bila mnunuzi.

Na mimi nilikuwa na langu. Anna alikuwa wa kwanza katika orodha ya wale wanne, na alikuwa ameniambia bila kunificha: kazi hii ikipatikana, tutapanga chumba tena mjini, tuanze upya. Isipopatikana, yeye hatoki tena kwa mama yake. Kwa hiyo msomaji wangu wa Singida ajue, mimi siku hiyo sikuwa nasimamia mboga. Nilikuwa nasimamia nyumba yangu.

Mama Dorkasi akaanza kupika kule nyuma ya mabua, Halfani amesimama pembeni yake anaangalia. Mimi nipo ndani, sioni kitu, nasikia mwiko tu. Akamaliza. Ruthu akaingia na sufuria, Halfani nyuma yake.

"Onja," akasema Halfani, akanipa kijiko.

"Wewe ndiye mgeni, anza."

"Pale nyumba ya wageni nani alikuwa anaanza? Si ulikuwa unaonja mbele yetu ndipo sahani zinatoka? Mwezi uliopita nimenunua mboga ya watu imejaa mchanga, nikaaibika mbele ya wakubwa. Ulimi wako naujua. Onja."

Nikachungulia. Mama alikuwa upande wa pili wa ukuta, hanioni, simwoni. Hakuna kosa. Nikachota kijiko kizima nikatia kinywani.

Kilikuwa kikali kama sabuni ya kufulia.

Na wakati huohuo, jamani, upepo. Mtu aliyekaa Dodoma kiangazi anaujua upepo ule, unakuja bila hodi. Ukauchukua ukuta wa mabua wote mzima, ukaulaza chini. Mama Dorkasi akawa amesimama hatua tatu mbele yangu, mwiko mkononi, ananiangalia nimejaza chakula chake kinywani na nimekunja uso.

Nikatema.

Sikukusudia. Ni mazoea ya jikoni, kitu kibaya unakitema kabla hakijakufika kooni. Lakini nilitema chini, karibu na miguu yake, mbele ya kinamama ishirini na mmoja na mgeni.

 Mama akaweka mwiko kando ya jiko, akajifunika khanga kichwani, akaondoka kuelekea kwake, Anna nyuma yake. Ruthu akakaa chini kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

"Kwani vipi?" Halfani akauliza.

"Magadi yamezidi," nikasema. "Kosa ni langu, si lake."

Hapa ndipo ninapoona aibu kuandika, lakini niliahidi kusema yote. Wenyeji wanapikia mlenda magadi wanayokwangua wenyewe bondeni, wanayaloweka, wanayachuja, ni ya upole. Mimi nikasema hayo ni mambo ya zamani, chakula cha biashara kinapikwa kwa magadi ya dukani, na kwa kipimo. Kipimo nikaweka kilekile walichozoea. Ya dukani yana nguvu mara mbili. Wale waliopika ndani ya banda nilikuwa naonja vyungu vyao na kuwarekebisha pale pale. Cha mama mkwe wangu sikuwahi kukionja. Yeye akafuata nilivyosema, maana mama mkwe hawezi kumtumia mkwe wake maneno ya kumkosoa mbele ya darasa.

Na nilikuwa nimeonywa. Wiki mbili kabla, Anna aliniambia nyumbani, "Mama anasema hayo magadi yako ni makali." Nikamjibu, "Mwalimu ni nani, mimi au mama yako?" Nilimjibu hivyo huku nikila ugali aliousonga yeye.

Halfani hakujali kosa ni la nani. Akatazama saa yake.

"Saa sita hii. Nina vijiji viwili vya kupitia. Narudi saa kumi. Nikute sufuria nyingine imepikwa na mama yule yule, na wewe unaonja mbele yangu."

"Bwana Halfani, yule ni mama mkwe wangu. Umeona kilichotokea. Mruhusu mtu mwingine aonje."

"Hata kwetu Kondoa mkwe anaheshimiwa," akasema. "Lakini wajumbe mia tatu hawamjui mkwe wako. Wakiumwa tumbo nitamtaja nani? Nitataja mpishi niliyemwamini. Saa kumi."

Akaondoka, tukabaki na vumbi lake.

Nikawageukia kinamama. "Haya, tuwashe moto upya. Mlenda wa Mama umebaki kwenye gunia. Ruthu, wewe unajua anavyopika."

Ruthu akaniangalia kama ndiyo kwanza ananiona.

"Umtemee mama yetu, halafu sisi tukupikie?"

"Sikumtemea. Nimetema magadi."

"Mwenyekiti hayupo," akasema. "Moto hauwashwi."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Nikawauliza, watoto wao watakula hiyo heshima jioni?  Mmoja mmoja wakaenda kukaa kivulini, wakanipa mgongo.

Nikakimbilia kwa Mjomba Zablon, kaka yake Mama Dorkasi. Katika mambo ya wakwe, yeye ndiye mwenye kauli. Nilimkuta anachonga mpini wa jembe. Habari ilikuwa imeshanitangulia.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Umetema."

"Nimetema magadi, Mjomba."

"Kinywani mlikuwa na chakula cha nani?"

Akapuliza vumbi la mti kwenye mpini.

"Ungekula tu ukaonekana, tungecheka," akasema. "Upepo hauna adabu, kila mtu anajua. Lakini umekula, ukaonekana, ukatema. Sasa yule hawezi kukupikia na wewe huwezi kuweka chakula chake mdomoni, iwe mbele yake au nyuma ya mlima, mpaka jambo hili limalizwe."

"Linamalizwaje? Niambie tu, nitafanya."

"Ndugu wanakaa. Pombe inapikwa. Unaleta mbuzi, anachinjwa, unapewa maji unasukutua kinywa mbele ya watu, na mama mkwe wako anakupokea. Siku saba. Kumi, kama pombe itachelewa kuchacha."

"Mjomba, mimi nina saa tatu."

"Basi huna kitu," akasema, akaendelea kuchonga.

"Haiwezekani nikasukutua leo, pombe ikafuata baadaye? Mbuzi nitamtafuta hata kwa kukopa."

"Mwanangu, hivi sasa kila kitu ni ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, gari linakuja Alhamisi wakati lilisema Jumamosi. Sawa. Lakini mimi siwezi kuiambia pombe ichache kwa saa tatu kwa sababu mtu wa Kondoa ana haraka."

Nilitaka kuukamata ule mpini niuvunje. Alikuwa ananiambia ukweli kwa sauti ya upole kabisa, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nilirudi bandani nikakaa juu ya gunia. Nilijiona mjinga. Kazi ilikuwa pale, mnunuzi alikuwa pale, mboga ilikuwa pale, mpishi bora wa wilaya nzima alikuwa nyumba ya tatu kutoka pale, na kila kitu kilikuwa kimefungwa na kijiko kimoja.

Saa tisa kasoro Anna akaja. Alikuwa amemwacha Seth kwa jirani. Akasimama mlangoni, hakuingia.

"Mama atapika," akasema.

Nikaruka. "Nilijua. Nilijua mama yako ana akili."

"Subiri nimalize, Baba Seth. Mama anasema hawezi kumpikia mkwe aliyetema chakula chake, mpaka ndugu wakae. Lakini anasema wanawake ishirini na wawili hawawezi kukosa kazi kwa sababu ya mdomo wa mtu mmoja. Anasema mwalimu wa mradi si ndugu yake. Mwalimu anaonja, anatema, anaondoka, hakuna ubaya. Kwa hiyo uchague."

"Nichague nini?"

"Kama wewe ni mwalimu, onja mbele ya mzabuni, na leo leo uje uchukue nguo zako nyumbani, maana hatuna undugu na mwalimu. Kama wewe ni mkwe wake, usiguse kijiko, na mzabuni aende zake."



"Hizo ni hasira, Anna. Zitapoa."

"Mama hana hasira. Angekuwa na hasira asingepika."

"Lakini kazi hii naitafuta kwa ajili yetu. Nikionja, wewe unakwenda Chimwaga na mimi sina mke. Nisipoonja, nina mke ambaye alisema hatoki tena kwa mama yake. Hilo ni chaguo gani?"

"Ni chaguo ulilotupikia wewe," akasema.

"Na wewe unasemaje? Usiniambie mama anasema nini. Wewe."

 Sikuwahi kumwona amechoka namna ile, hata siku tulipofunga ule mgahawa wa Area D na kubeba masufuria kichwani.

"Nilikwambia magadi ni makali," akasema. "Ulinisikia? Nilikwambia usichukue ule mgahawa bila kuuliza majirani. Ulinisikia? Leo ndiyo unataka kujua nasemaje."

Akageuka akaenda kuungana na wenzake. 

Saa tisa na nusu Mama Dorkasi akaja na gunia lake. Kinamama wakasimama wote. Ruthu na mwenzake wakakimbilia ukuta wa mabua kuuinua, lakini Mama akawazuia kwa mkono.

"Uacheni hapo chini," akasema. "Nani anajificha na mwalimu?"

Alisema hivyo nikiwa nimesimama palepale, na sauti yake nikaisikia bila Ruthu kuniletea. Akawasha moto mbele yangu. Akachuja magadi yake ya bondeni, akayapima kwa kiganja. Akatia unga wa mlenda, akapekecha, akatia karanga. Alifanya yote bila haraka na bila kunikwepa macho, kama anavyopika mtu mbele ya mgeni yeyote wa kupita. Miaka saba nilikuwa nalalamika kwamba mama huyu ananikimbia. Siku aliyoacha kunikimbia nikatamani arudi nyuma ya mabua.

Halfani akafika saa kumi kamili. Akaangalia sufuria, akanusa, akatabasamu.

"Hii sasa ndiyo ile ya pakiti," akasema. "Haya, Mpishi, maliza kazi. Nina karatasi ya mkataba ndani ya gari, na hao wanne wajiandae, tunaondoka nao."

Akaniwekea kijiko mkononi.

Mlenda ulikuwa mzuri, sikuhitaji kuuonja kujua. Ulivutika inavyotakiwa, karanga zimeiva, rangi imekaa. Nikatazama kinamama, ishirini na mmoja wamesimama. Mmoja alikuwa ameshafunga mzigo wake wa safari, ameushikilia kifuani. Mama Dorkasi alikuwa anapangusa mwiko, hanitazami wala haepuki kunitazama.

"Bwana Halfani," nikasema, "nipe siku saba."

"Sina hata saa moja."

"Siku tatu."

"Mpishi, kuna nini kwenye hii sufuria ambacho sikijui?" Tabasamu lilikuwa limemtoka. Akatia kalamu yake mfukoni, akatazama gari. "Kama mwenyewe unaogopa kula, mimi nawalisha nini watu wangu?"

Akapiga hatua kuelekea kwenye pikapu. Yule mama mwenye mzigo akaanza kulia bila sauti.

Ndipo Anna akatoka katikati ya wenzake. Alikuja akasimama ng'ambo ya sufuria, mahali ambapo ningeweza kumshika mkono kama ningenyoosha wangu. Darasani wenzake wote waliniita Mwalimu, na yeye peke yake aliniita Baba Seth, wakawa wanamcheka. Hata siku tulizogombana vibaya sana Miyuji, aliniita Baba Seth.

Nikamtazama anisaidie. Nilitaka aseme usionje, tutakula hata majani, twende nyumbani.

"Onja," akasema. "Onja, Mwalimu."